Majina Ishirini na Matano

Bisera Ristevska alituma maombi thelathini na moja kabla mtu yeyote hajamuuliza swali, na swali lenyewe lilipokuja lilikuwa hili: "Wewe ni wa nani?"

Aliyeuliza ni mama mmoja wa makamo katika ofisi ya serikali mjini Skopje, miwani ikining'inia kifuani, kikombe cha kahawa amekiweka juu ya wasifu wa Bisera. Bisera alidhani hakusikia vizuri. Akajibu kwamba ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya siasa, kwamba wastani wa alama zake ni tisa nukta mbili katika kumi, kwamba anajua Kiingereza na Kialbania cha kuombea maji.

"Hayo yameandikwa hapa. Nauliza, wewe ni wa nani? Nani amekutuma kwetu?"

"Hakuna aliyenituma, mama. Niliona tangazo kwenye mtandao."

"Aa. Tangazo." Mama yule alitabasamu kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomuumiza Bisera kuliko kama angefukuzwa. "Tangazo tunalitoa kwa sababu sheria inataka. Haya, mwanangu, tutakupigia simu."

Hawakupiga.

Kitivo kilitaka saa mia moja na ishirini za mafunzo kwa vitendo, zenye muhuri wa taasisi, kabla ya mwisho wa Juni. Bila muhuri hakuna kuandikishwa mwaka wa nne, na asiyeandikishwa hana kitanda bwenini. Kufikia Aprili wenzake darasani walikuwa wamepata mmoja baada ya mwingine: huyu bungeni, yule wizarani, mwingine kwenye shirika la kufuatilia uchaguzi. Ukiwauliza wamepataje, kila mmoja alisema, "Nimebahatika tu," akaanza kutafuta kitu ndani ya begi. Bisera alidhani wanamficha siri ya kuandika barua nzuri. Akaiandika upya barua yake ya maombi mara nne. Ile ya nne ilimchukua siku nzima, na ndani yake aliweka sentensi kuhusu imani ya raia kwa dola ambayo yeye mwenyewe aliisoma mara tatu kwa kuipenda.

Wenzake walipomuuliza yeye, alisema anasubiri majibu ya sehemu mbili. Uongo huo aliutumia mwezi mzima.

*

Siku ya pili ya Pasaka alikuwa nyumbani Prilep, na jirani yao Ilinka akaingia na sahani ya mayai mekundu. Ilinka alikuwa na binti aliyesoma sheria, Marija, mwaka mmoja nyuma ya Bisera, na hakuweza kukaa kwenye kiti dakika tano bila kumtaja.

"Marija anasema wenzake Bisera wote wameshapata pa kufanyia mazoezi. Na wewe, Bisera? Wizara gani?"

"Nasubiri majibu, shangazi."

"Bado? Eh. Na alama zako zote zile!" Akamgeukia Trajanka, mama yake Bisera. "Siku hizi alama si kitu, shoga. Alama unaweza kuzifungia jibini."

Trajanka alicheka, kwa sababu mgeni anapotania, mwenye nyumba hucheka. Akishona mashati kiwandani siku sita kwa wiki alikuwa akiwaambia wanawake wa mstari wake kwamba binti yake atafanya kazi ubalozini. Sasa akainuka kwenda kuongeza kahawa ambayo hakuna aliyeimaliza.

Blagoja, baba mtu, alikuwa ameshika yai mkononi. Aliligongagonga mezani mpaka likapasuka lote, kisha hakulila. Alikuwa mhudumu wa shule ya msingi, mtu wa kurekebisha viti, kuwasha boila na kufagia theluji, na hakuwa msemaji. Lakini aliona shingo ya binti yake ilivyobadilika rangi, nyekundu madoamadoa kuanzia kolani hadi masikioni, na picha hiyo haikumtoka wiki nzima.

Jumatatu iliyofuata akavaa koti lake zuri akaenda kwa Cvetan.

*

Cvetan alikuwa na duka la matairi barabara ya kwenda Bitola, na alikuwa katibu wa tawi la chama kilichokuwa madarakani. Watu walikwenda kwake kwa mambo yote mawili, na aliwapokea wote palepale, katikati ya harufu ya mpira.

"Karibu, Blagoja! Kafa nani?" alisema, maana koti lile lilizoeleka kwenye mazishi.

"Hajafa mtu. Nimekuja na shida ndogo."

"Shida ndogo haivaliwi koti. Keti."

Blagoja aliketi juu ya tairi, na papo hapo akajiona mjinga, kwa sababu kiti kilikuwepo. Cvetan alimfungia mteja gurudumu, akalipwa, akapiga simu mbili, akanawa mikono kwa unga wa sabuni. Ndipo akasikiliza.

"Ungekuja tangu Januari," alisema. "Sasa kila mtu ana mtoto, Blagoja. Mimi siwezi kupiga simu Skopje nikasema tu, mpokeeni binti wa Blagoja. Wataniuliza, huyo Blagoja amekiletea nini chama?"

Blagoja akausukuma mbele mfuko aliokuja nao: chupa ya rakija, pombe kali ya matunda ya nyumbani, na mitungi midogo miwili ya ajvar, rojo aliloipika Trajanka kwa pilipili zao wenyewe. Cvetan aliuchukua bila kuangalia ndani, akauweka rafuni kando ya mifuko mingine mitano iliyofanana nao.

"Ahsante. Hii ni ya kwangu. Nazungumzia chama."

"Pesa sina, Cvetan. Unanijua."

"Nani kataja pesa? Usinivunjie heshima bwana." Akatoa karatasi yenye mistari iliyopigwa chapa, akailaza gotini kwa Blagoja. "Nataka watu. Ishirini na watano. Jina, anuani, namba ya kitambulisho, simu. Watu wa uhakika, watakaotupigia kura msimu wa vuli."

"Mimi nitajuaje mtu atampigia nani?"

"Hutajua. Utaandika."

Blagoja aliitazama karatasi ile. Juu yake palikuwa na nafasi ya jina la mletaji, na pembeni, safu nyembamba iliyoandikwa "Ombi". Cvetan mwenyewe alimjazia hapo kwa kalamu yake, ili kumrahisishia.

*

Alikuwa amekusudia kusema kweli. Alifika kwa bibi Fanija, mjane wa nyumba ya pili, akiwa ameyapanga maneno: Fanija, nina shida ya mtoto, nisaidie jina lako, kura yako ni yako. Lakini mlango ulipofunguliwa na akaiona sura ya bibi yule aliyempelekea supu mama mzazi wa Blagoja miezi mitatu alipokuwa hoi kitandani, maneno mengine ndiyo yaliyotoka.

"Tunakusanya majina, Fanija. Ya bomba la maji. Tupeleke ombi manispaa."

Maji ya mtaa wa juu yalikatika kila kiangazi, hilo kila mtu alilijua. Fanija akaenda kuleta miwani na kitambulisho.

Baada ya uongo wa kwanza, uliobaki ulikwenda wenyewe, na hilo ndilo lililomtisha Blagoja. Watu walimshukuru. Mmoja alimwambia, "Angalau yupo mtu mmoja anayeufikiria mtaa huu." Jina lake mwenyewe akaliandika, na la Trajanka pia. Alipofika ishirini na nne nyumba zikamwishia, na akakaa jikoni na kalamu muda mrefu. La ishirini na tano akaandika: Ristevska, Bisera.

Siku kumi na mbili baadaye simu ya Bisera ililia akiwa maktaba.

"Umekubaliwa kwenye Kituo cha Utafiti wa Maoni ya Umma. Unaanza Jumatatu."

"Ahsante sana! Samahani kuuliza... ni barua yangu ndiyo iliyowavutia?"

"Barua? Ndiyo, ndiyo. Barua."

Akampigia mama yake palepale kwenye ngazi za maktaba, na mama yake akapiga kelele hadi fundi mkuu akazima mashine kuuliza kuna nini. Jumapili walichoma nyama uani. Trajanka aliwaita majirani, na Ilinka akaja, akala, akasema, "Haya, hongera," kwa sauti ya mtu anayerudisha deni. Bisera, glasi moja ya divai kichwani, akawasimulia jinsi mtu asivyopaswa kukata tamaa, jinsi alivyoiandika barua mara nne. "Wameisoma!" alisema. "Ni wa kwanza kuisoma. Baba, sikia: ukifanya kazi yako vizuri, kuna mtu mahali fulani atasoma."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Blagoja, akaenda kugeuza nyama ambayo ilikuwa imeshaiva.

*

Kituo cha Utafiti kilikuwa ghorofa ya kwanza na ya chini ya jengo moja karibu na mto. Ghorofa ya kwanza palikuwa na bendera, zulia na meza ndefu. Bisera alipelekwa ya chini. Bi Nevenka, msimamizi wao, alimwonyesha kompyuta, kiti na maboksi manne ya karatasi.

"Unaingiza majina. Jina, anuani, namba, simu, mletaji, ombi, na hapa mwisho unaandika kama limetimizwa au bado. Usiulize mengi, usipige picha. Mtalipwa nauli ya basi."

Mwenzake wa mafunzo aliitwa Kliment, kijana mchangamfu aliyesomea kitivo kilekile mwaka wa juu, na aliyeandika kwa kidole kimoja.

"Mimi ni wa mjomba," alijitambulisha. "Mbunge. Wewe ni wa nani?"

"Mimi niliandika barua."

Kliment alicheka mpaka akashika tumbo. "Unafaa! Barua! Nitamsimulia mjomba."

Bisera aliumia, lakini akajiambia kwamba wivu una sura nyingi. Siku tatu za mwanzo alifanya kazi kwa bidii ya ajabu. Alielewa vizuri anachokiingiza. Alikuwa amesoma darasani habari za orodha kama hizi, chama kukusanya kura kwa kutoa fadhila; zilikuwa na jina zuri la kitaalamu na sura nzima ya kitabu. Alijiambia anaangalia kwa macho ya mtafiti, kwamba ataiandikia tasnifu. Kitanda chake bwenini mama yake alikilipia kwa saa za ziada kiwandani, na mtu aliyelipiwa hivyo haondoki siku ya tatu.

Wiki zilivyokwenda, safu ya "Ombi" ikawa burudani yao. Kliment aliyasoma maombi kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Huyu hapa: mke, goti, apandishwe kwenye orodha ya upasuaji. Majina kumi na nane. Goti la majina kumi na nane, Bisera!"

"Langu limezidi," alisema Bisera. "Mtoto, chekechea, zamu ya asubuhi. Majina thelathini."

"Asubuhi ni ghali. Angeomba jioni."

Akacheka. Alicheka sana, kichwa nyuma, huku mkono ukivuta karatasi inayofuata. Akaanza kuandika kabla hajasoma, vidole vilishazoea: Fanija Toleska, mtaa wa juu, namba tatu. Vidole vikasimama.

Aliujua mwandiko. Ni uleule uliomwandikia madaftari yake ya darasa la kwanza, herufi zimesimama wima kama vigingi vya uzio, kila saba imekatwa kistari. Akateremka kwa jicho. Ordan, namba kumi na moja. Ilinka na mumewe. Baba. Mama. Mwisho kabisa yeye mwenyewe, na namba yake ya kitambulisho, ambayo baba alikuwa ameikosea tarakimu moja kisha akaisahihisha. Mletaji: Blagoja Ristevski. Ombi: binti, mafunzo, siku thelathini. Pembeni mtu mwingine alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: *limetimizwa*.

"Vipi, umepata nini?" aliuliza Kliment. "Lisome basi. Kizuri?"

"Hapana. Ni la kawaida."

"La kawaida gani?"

"Mafunzo," alisema Bisera.

"Aa, hayo rahisi. Majina mangapi?"

"Ishirini na matano."

Kliment alipiga mluzi. "Kapunjwa mzee wa watu. Mwezi uliopita ilikuwa kumi na tano."

Bisera aliyaandika yote. Hili hakumwambia mtu baadaye, isipokuwa baba yake: kwamba alikaa pale akaingiza mmoja mmoja, hakuruka hata mmoja, na alipofika kwenye jina lake akaliandika kwa herufi kubwa pale panapotakiwa. Kisha akaenda chooni, akafungua bomba, akakaa juu ya kifuniko mpaka shingo ikapoa. Kilichomtia aibu hakikuwa kitendo cha baba. Yalikuwa majigambo yake ya Jumapili ile uani, na ile "Baba, sikia".

*

Alijiliwaza kwa siku mbili. Walitoa majina kwa hiari, alijiambia. Ni majirani, walimsaidia baba, basi.

Alhamisi Bi Nevenka akaleta simu. Sasa ilitakiwa kuwapigia watu kuhakikisha wapo. Kliment alipewa rundo la Prilep, na kwa uvivu wake akaweka simu mezani kwa kipaza sauti ili aendelee kula burek, mkate wake wa jibini.

"Halo? Bibi Fanija Toleska? Tunapiga kutoka Skopje, tunawashukuru wafuasi wetu."

"Halo," ilisema sauti ambayo Bisera aliijua tangu hajajua kusema. "Ndiyo. Ni kuhusu maji?"

"Maji gani, bibi?"

"Ya bomba. Nilitoa jina kwa ajili ya bomba. Blagoja alikuja, akasema ni ombi la bomba. Lini mnakuja?"

Kliment alimkonyeza Bisera, akaziba simu kwa kiganja chenye mafuta. "Kaambiwa ni bomba!" alinong'ona kwa furaha. Kisha, kwenye simu: "Hivi karibuni, bibi. Msimu wa vuli."

"Ahsante, mwanangu. Mwambie Blagoja ahsante."

Bisera alipanda ghorofani bila kubisha. Bi Nevenka alikuwa anamwagilia maua.

"Naomba majina fulani yafutwe. Ishirini na matano, ya Prilep. Watu wale walidanganywa."

"Walidanganywaje?"

"Waliambiwa ni ombi la bomba la maji."

Bi Nevenka aliweka kopo chini. Hakuwa mtu mkali. "Mwanangu, unadhani wale wengine wote kwenye maboksi waliambiwa nini?"

Bisera aliangalia kopo.

"Umebakiza siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi rudi ukakae. Siku kumi na moja si kitu. Ukiondoka, majina yanabaki hapa, na muhuri nao unabaki hapa. Nani atakuwa amefaidika?"

Bisera aliteremka, akachukua sweta lake kwenye kiti. Kliment akamuuliza kama anakwenda dukani, amletee maji ya chupa.

*

Jumapili asubuhi alishuka basi la Prilep, akamkuta baba yake uani anapaka rangi kiti cha shule. Blagoja aliona uso wake, akaweka brashi juu ya kopo.

"Umeona karatasi," alisema.

"Nimeiandika, baba. Kwenye mashine. Wote."

Blagoja alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu. "Sikutaka ujue. Nilitaka udhani ni barua."

"Nilidhani ni barua."

"Barua ilikuwa nzuri. Niliisoma. Uliniachia mezani."

Trajanka alitokea mlangoni, pasi mkononi, akataka kujua binti amekuja kufanya nini siku ambayo hakutarajiwa. Walimwambia. Alisikiliza amesimama, na alipoelewa kwamba Bisera ameacha mafunzo na anataka baba yake apite tena nyumba kwa nyumba kusema kweli, pasi aliiweka juu ya ukuta kwa kishindo.

"Mna wazimu nyie wawili? Mwalimu mkuu wa baba yako ni wa chama! Kesho atapata mhudumu mwingine! Na sisi tuonekane nini mtaani?"

"Tulivyo, mama."

"Rudi Skopje! Chukua muhuri kwanza, aibu utaiona baadaye! Mimi nimeshona mpaka vidole vimekufa ganzi, na wewe umebakiza siku kumi na moja, kumi na moja tu..." Sauti ikamwishia. Akakaa kwenye kile kiti kibichi cha rangi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Blagoja alinawa mikono kwa mafuta ya taa. Koti hakuvaa. "Twende," alisema, "kabla sijabadilisha mawazo."

*

Walianza kwa Fanija. Blagoja alisimama kwenye mkeka wa mlangoni akafungua mdomo, na mdomo ukabaki hivyo. Ikabidi Bisera aseme.

Bibi yule alimsikiliza huku akijifuta unga mikononi. "Najua," alisema.

"Unajua nini, bibi?"

"Kwamba si bomba. Manispaa gani inataka namba ya kitambulisho kwa ajili ya bomba? Mimi nimezeeka, sijapumbaa. Siku ile nilimwona Blagoja anatokwa jasho na nje kuna baridi, nikajua ni kwa ajili ya mtoto. Nikaenda kuleta miwani."

"Lakini kwenye simu," alisema Bisera, "kwenye simu ulisema maji. Nilikuwepo. Nilikusikia."

"Ningesema nini? Nitajuaje anayepiga ni nani? Wakiwa wale wa upande mwingine, si wangemfukuzisha kazi baba yako? Nilisema alichoniambia baba yako." Akamwangalia Blagoja, ambaye alikuwa ameugeukia ukuta. "Ungeniambia tu, Blagoja. Hilo ndilo lililoniuma. Ningekupa vilevile."

Blagoja hakuweza kugeuka. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na Bisera, ambaye hakuwahi kumwona baba yake akilia, hakujua pa kuyaweka macho. Fanija akaingia ndani akarudi na glasi ya maji, akaiweka juu ya ukingo wa dirisha pale ambapo Blagoja angeifikia bila kutazamwa, kisha akafunga mlango nusu.

Mzee Ordan wa namba kumi na moja, ambaye maishani mwake hakuwahi kukipigia kura chama kile, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaufunga mlango taratibu sana. Wangependa aubamize. Katika nyumba iliyofuata walikaribishwa kahawa wakaambiwa mbona jambo dogo, kila mtu yumo kwenye orodha ya mtu. Katika nyingine mke alianza kucheka, mume akamnyamazisha kwa jicho. Mwanamume mmoja aliuliza, kwa hiyo bomba halipo?

Kwa Ilinka walifika saa nane mchana. Bisera alikuwa amemruka asubuhi kwa makusudi, na alisema haraka ili yamalizike: orodha, uongo, mafunzo aliyoyaacha, mwaka atakaourudia. Alisubiri kusutwa. Ilinka alikuwa na kila haki, na alikuwa na ulimi.

Ilinka alikunja mikono kifuani. Akafikiri.

"Umeacha kabisa?"

"Kabisa, shangazi."

"Kwa hiyo kile kiti kipo wazi?"

Bisera hakuelewa upesi. Baba yake ndiye aliyeelewa.

"Marija anatafuta," alisema Ilinka, na sasa sauti yake ilikuwa chini, karibu kama ya kuomba, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Ametuma maombi arobaini. Anasema uongo kwa wenzake kwamba anasubiri majibu. Usiku namsikia." Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Nyie mnawajua watu kule. Neno moja tu, Bisera. Umwambie yule mama."

Bisera alimtazama mwanamke huyu aliyemwogopa tangu utotoni.

"Ilinka," alisema Blagoja. Lilikuwa neno lake la kwanza mlangoni kwa mtu tangu asubuhi. "Watamweka Marija aandike majina. Na la kwako litakuwemo."

"Liwemo," alisema Ilinka. "Si limo tayari?"

Mwishowe Blagoja alisema ataongea na Cvetan, na aliposema hivyo Bisera alimgeukia. Lakini baba alikuwa anaangalia chini, kwenye viatu vyake vilivyotapakaa rangi ya buluu ya shule.

Walitoka barabarani. Zilikuwa zimebaki nyumba saba. Bisera alidhani baba yake atageukia nyumbani, na hakujua kama angemlaumu. Blagoja alivuka barabara hadi lango lililofuata, akalifungua, akamshikilia binti yake lango apite.